Zilizobaki ni Zangu

Bi Hamda hakuwa amemaliza uji wake alipouliza tena.

"Wameshachukua ngapi?"

"Nnakwenda leo kutazama, mama," Kawthar alijibu huku akijifunga buibui. "Jana Mlandege kote hakukuwa na umeme."

"Jana umeme, juzi kazi. Arobaini haingoji umeme, mwanangu."

Alichokuwa akikiuliza ni juzuu, zile sehemu thelathini za msahafu. Mumewe, Masoud, alikuwa ameshazikwa, na mtaa ulikuwa umeshamsomea khitma ya siku ya tatu pale msikitini, watu wakala, wakashukuru, wakenda zao. Hiyo ilikuwa khitma ya mtaa. Iliyobaki ilikuwa ya ukoo, na ukoo wa Masoud haupo Unguja. Uko Maskati, uko Dubai, uko Uingereza na Kanada, na popote pengine palipo na baridi na mshahara. Tangu mwaka 2001, walipofungua baraza lao kwenye intaneti, walikuwa wamejiwekea ada: akifa mtu wao, khitma ya arobaini inagawiwa humo humo barazani. Kila mmoja anaandika juzuu aliyoichukua, anaisoma huko aliko, na akimaliza anaandika "nshamaliza". Zikitimia thelathini, nyumbani kwa marehemu inasomwa dua, na majina ya waliosoma yanatajwa ili nao waombewe.

Mlinzi wa ada hiyo alikuwa Masoud mwenyewe. Wenziwe wote walikwenda zao, yeye akabaki hapa Unguja, mtaa wa Malindi, kwenye nyumba ya babu yake, na mtu aliyebaki ndiye anayetumwa. Masoud, nitolee cheti cha kuzaliwa. Masoud, kaburi la mama limeota majani. Masoud, nenda kaniangalilie lile bati. Alikwenda kwa miguu yake, kwenye jua hilo hilo tunalolijua sote, na sikupata kumsikia akisema leo nimechoka.

"Mtaa umefanya wajibu wake, Mwenyezi Mungu awalipe," alisema Bi Hamda. "Sasa nawataka watu wake. Alivyowahangaikia wale, moja moja hawatashindwa."

Yeye mwenyewe hakuweza kwenda kutazama. Alikuwa eda, mweupe chapa kuanzia kichwani mpaka miguuni, amekaa kwenye mkeka wake chumba cha juu, na habari zote za dunia zilimfikia kwa mdomo wa Kawthar.

*

Duka la intaneti la Msabah liko Mlandege, ghorofani, juu ya duka linalouza mapanga boi, hatua chache tu kutoka duka la vitambaa anakouza Kawthar. Zamani Kawthar ndiye aliyekuwa akimwandikia baba yake. Alipopata kazi na kukosa nafasi, mzee akajifunza mwenyewe, kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Siku ya kifo Kawthar alipita hapa mbio mbio, akaandika tangazo kwa jina lake mwenyewe na kutoka. Hakutazama kitu. Nani anatazama kitu siku kama hiyo? Leo alitaka kuingia kwa jina la baba yake, maana yeye ndiye aliyekuwa akizigawa juzuu.

"Neno lake la siri sijui kama litapatikana," alisema.

"Ni jina la mama yako," alijibu Msabah bila kuinua kichwa. "Alikuwa akilitamka kwa sauti kila akiandika. Humu ndani tunalijua sote."

Kawthar akacheka kidogo, akaandika, baraza likafunguka. Juu kabisa lilikuwa lile tangazo lake la kifo cha baba. Chini yake alitegemea kukuta watu wamejazana, maana ndivyo alivyoliacha baraza lile: watu wanagombania ndimu katika urojo, picha za harusi, mtu wa Dubai anauliza yule muuza barafu wa Darajani alikuwa akiitwa nani na watu ishirini wanamjibu majina ishirini. Hapakuwa na jibu hata moja. Akashuka chini zaidi. Masoud, anatoa mkono wa Idi. Masoud, anasema mvua kubwa na ukuta wa nyuma wa nyumba ya marehemu Azzan umeanguka. Masoud, anauliza nani anataka karafuu, kuna mtu anasafiri. Masoud, Ramadhani karimu. Masoud, mpo jamani? Miaka miwili ya Masoud peke yake.

Usinambie watu wa nje wana kazi nyingi. Kazi walikuwa nazo hata mwaka wa kwanza, walipokuwa wakiandika mpaka alfajiri. Waliondoka kama watu wanavyoondoka harusini, mmoja anaaga, wa pili anamfuata, wengine wanatoka kwa mlango wa uani. Wengine waligombana kwa siasa wakaapa hawarudi. Vijana waliona mambo ya wazee. Wengi hawakuwa na sababu yoyote. Waliacha tu kufungua, kisha wakaona haya kurudi na kuulizwa walikuwa wapi.

Kawthar akaendelea kushuka mpaka akafika kifo cha Azzan, binamu yake baba, aliyefia Dubai. Masoud alitangaza khitma. Dalal, binti yake Azzan aliyeko Kanada, alichukua juzuu ya kwanza. Nasser wa Maskati, mtoto wa ami yake Masoud, alichukua ya thelathini, ile yenye sura fupi fupi ambayo kila mtu ameihifadhi tangu chuoni. Halafu kimya. Masoud akawakumbusha. Akawakumbusha tena, kwa upole, kama anaomba radhi kwa kuwasumbua. Mwisho akaandika, "Zilizobaki ni zangu." Na chini yake, "Nshamaliza. Mwenyezi Mungu atutakabalie sote."

Sote!

Kawthar aliukumbuka mwezi ule. Baba yake alikuwa akitoka adhuhuri hapo, harudi mpaka baada ya isha, na mama alikuwa akinung'unika kwamba msikiti umekuwa nyumba ya mke wa pili. Na alikumbuka alivyowaambia mezani, huku akicheka, kwamba juzuu za Azzan ziligombaniwa siku moja tu na yeye nusura akose. Akaanza kutafuta mambo mengine. Habari ya mjukuu wa nani aliyefaulu udaktari. Salamu za Idi za watu chungu nzima, ambazo Bi Hamda alizipokea moja moja na kuziitikia. Mapacha wa Dalal, waliozaliwa mwaka jana, ambao Bi Hamda aliwashonea gauni mbili za kitambaa cha doria kwa mkono wake. Humu hamkuwa na mjukuu, wala salamu, wala mapacha. Yote ameyatunga mzee, akayapeleka nyumbani kwa mkewe kama mtu anavyopeleka mkate.

"Kwani alikuwa akijibiwa?" aliuliza.

Msabah alijikuna shingo. "Mie sitazami vya watu. Lakini alikuwa akiandika kidogo, kisha anakaa tu mpaka saa yake imalizike. Nikimuuliza, mzee, umemaliza? Ananambia, nawangoja wenzangu." Akainama chini ya meza, akatoa mfuko wa plastiki. "Huu aliuacha hapa. Alisema kuna mtu anakwenda Kanada atakuja kuuchukua. Hajaja mtu."

Kawthar hakuufungua. Aliujua kwa kuupapasa tu.

*

Alipanda ngazi za nyumbani akiwa ameshaamua kusema kweli. Angeanza na Azzan, kisha angesema mengine polepole, mama ni mtu mzima. Hakujua kama Bi Mwatum yuko.

Bi Mwatum ni jirani wa nyumba ya pili, mtu wa kusaidia, mtu wa kupika sufuria nzima ukiuguliwa, na mtu ambaye ulimi wake haujapata kulala. Alikuwa amekaa mkekani anachambua choroko.

"Haya, huyu kaja," alisema. "Kawthar, hebu tupe habari za wakubwa wa Arabuni. Maana miye niko hapa kila siku, na simu ya marehemu sijaisikia kulia hata kwa kukosea namba."

"Wao siku hizi hawapigi," alisema Bi Hamda. "Wanaandika. Marehemu mwenyewe alikuwa akinambia."

"Aaa. Wanaandika." Bi Mwatum alipuliza maganda ya choroko. "Marehemu kaka yangu walimsomea watu wa Makunduchi, waliokuja kwa gari la kuni. Sie hatuna wa kutuandikia."

Hakukusudia ubaya mkubwa. Lakini Kawthar alimwona mama yake akiivuta kanga yake nyeupe usoni, kama mtu aliyekutwa hajajistiri, na moyo ukamuuma kiasi cha kushindwa kuvumilia.

"Zimekwisha zote," alisema.

"Zote?" Bi Hamda aliinua uso.

"Thelathini. Dalal kachukua ya kwanza. Ami Nasser kachukua ya thelathini. Wamejaa humo, mama, mpaka wengine wamekosa."

"Ya thelathini!" Bi Hamda alicheka, mara ya kwanza tangu maiti itoke. "Mvivu yule toka utotoni. Umesikia, Mwatum? Kakimbilia zile fupi."

"Nimesikia," alisema Bi Mwatum, na kwa haki ya Mungu alionekana kafurahi. "Basi Alhamdulillahi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kawthar alijiambia kwamba si uongo kama zikisomwa, na zitasomwa, atazisoma yeye, kama alivyofanya baba yake. Kesho yake alilishusha kabatini lile sanduku la juzuu, akamwambia mama yake anataka kujisomea kidogo kwa ajili ya baba. Alisoma dukani, juzuu imefichwa nyuma ya marobota ya khanga, akiwapimia wateja vitambaa na kurudi kwenye aya aliyoiacha. Alisoma mchana wakati tajiri wake akienda kula. Alizijaribu zile namba za nje zilizokuwemo kwenye simu ya baba yake. Zote zilikuwa zimekufa. Aliandika barazani mara mbili zaidi. Kila jioni mama yake alimuuliza nani kamaliza, na kila jioni alitaja mtu.

Kisha zikamjia siku zake. Mwanamke yeyote anajua maana yake: msahafu haugusi. Kawthar alikaa wiki nzima akilitazama sanduku, akihesabu kwa macho, akijilaumu kwa jambo ambalo halikuwa la kujilaumu. Alipotwahirika alisoma mpaka koo likamkauka. Hakuwahi. Siku ya arobaini ilimkuta kamaliza ya kumi na tisa.

*

Wanaume walikaa chini, ukumbini na kwenye baraza la nje. Wanawake walikaa juu. Mwalimu Usi, aliyesoma chuo kimoja na Masoud na ndiye aliyesimamia maziko yake, ndiye aliyekuwa akiomba dua, na sauti yake ilipanda ngazi vizuri. Kawthar alikuwa kasimama mlangoni na sinia ya vikombe. Asubuhi ile aliyaandika majina ya wasomaji kwenye karatasi, thelathini, kwa mkono wake. Mama yake akayasikiliza yote, kisha akaituma karatasi chini.

"Na uwatakabalie waliosoma," aliomba Mwalimu Usi. "Dalal binti Azzan."

"Amin," waliitikia chini. "Amin," waliitikia juu.

Simu ya marehemu ikalia.

Bi Hamda alikuwa nayo mkekani, pembeni ya mto, tangu siku ya kwanza. Aliitazama namba. Ilikuwa ndefu, ya nje. Wanawake wakatazamana, maana mjane aliye eda hasemi na wanaume ovyo, na wako wanaohesabu hata simu. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto anayeitwa kucheza.

"Ni wao," alisema. "Nlikwambieni." Akaiweka sikioni.

"Masoud!" ilisema sauti, kubwa, ya mtu aliyezoea kusema na mbali. "Uko wapi bwana? Hii namba yangu mpya, iandike."

"Hamda hapa."

"Shemegi! Hujambo? Nasser huyu. Wazima huko? Hebu nipe Masoud, nina haraka. Nataka cheti cha kuzaliwa cha marehemu baba, hapa wamenikalia kooni. Mwambie kesho asubuhi anende pale ofisini, wanamjua."

Chini, Mwalimu Usi alikuwa akiendelea kutaja majina, na watu wakiendelea kuitikia. Kawthar aliiweka sinia chini.

"Nasser," alisema Bi Hamda taratibu. "Wewe barazani huingii?"

"Baraza gani? Aaa, lile la intaneti? Mbona miaka hiyo, shemegi! Kwani bado lipo? Sidhani kama kuna mtu anaingia siku hizi." Akacheka. "Labda Masoud. Hebu nipe nimwambie."

"Nasser bin Khalfan," alitaja Mwalimu Usi.

"Amin," waliitikia.

Bi Mwatum alikuwa kamkazia macho Bi Hamda. "Nani huyo? Pana nini?"

Bi Hamda aliishusha simu kifuani, akaifunika kwa kiganja. Alimtazama binti yake pale mlangoni. Hakumtazama kwa hasira. Kawthar alitamani iwe hasira. Ilikuwa fedheha, ya mtu mzima aliyegundua mbele za watu kwamba alichokuwa akijivunia hakipo, na watu hao bado hawajajua.

"Nasser, wa Maskati," aliwajibu wanawake. "Anauliza kama khitma imetimia."

"Masha Allah," mmoja alisema.

Akairudisha simu sikioni. "Imetimia, Nasser. Mwenyezi Mungu akulipe kwa juzuu yako."

"Nini? Shemegi, sikusikii vizuri, juzuu gani? Masoud yuko w—"

Akaizima. Akaizima kabisa, kwa kukibonyeza kile kitufe mpaka kioo kikawa cheusi, kisha akaiweka chini ya mto. Bi Mwatum akajisogeza, akamshika mkono.

"Nisamehe, mwenzangu," alisema. "Mie nilidhani wamewatupa."

"Hawakututupa," alisema Bi Hamda.

*

Watu wakaondoka, masufuria yakaoshwa, jua likaingia kwenye kile chumba kwa upande. Bi Hamda hakuwa amesema neno kwa Kawthar tangu simu ile. Sasa alisema.

"Lilete sanduku."

Kawthar alilileta, akalitua mbele yake, akakaa chini na magoti yake kayakumbatia. Alikuwa akingoja kuulizwa. Alikuwa na maneno yote tayari, ya Azzan, ya Msabah, ya baba aliyekuwa akikaa kungoja mpaka saa yake imalizike.

"Umefika wapi?"

"Ya kumi na tisa nshaimaliza. Niliingia siku zangu, mama, ndio—"

"Najua. Tunakaa nyumba moja." Bi Hamda alizipitisha juzuu kwa kidole, moja baada ya moja. "Uliwaandikia kama kafa?"

"Siku ile ile. Na mara mbili tena."

"Basi Nasser atapiga tena, kutaka cheti chake."

"Nimwambie?"

"Mwambie. Mie nimeshindwa. Nilitaka kumwambia, nikasikia jina lake linaombewa huko chini, ulimi ukakataa." Machozi yalikuwa yakimtoka bila ya sauti, naye hakuyajali. Alipoinua uso, Kawthar alijua sasa ndiyo linakuja, swali la baba, na hakujua atalijibu vipi.

"Na mapacha wa Dalal?" aliuliza Bi Hamda.

Ule mfuko ulikuwa dukani, chini ya kaunta, nyuma ya marobota. Kawthar alikuwa kaufungua mara moja tu, akaziona zile gauni, kola zake zimetiwa maua madogo ya uzi mwekundu, akaufunga. Alimtazama mama yake amtambue anataka nini. Uso ule haukumwambia kitu. Ulikuwa unangoja tu jibu, na ulikuwa umechoka.

"Hawajambo," alisema Kawthar. "Wameanza kusimama dede."

"Zile gauni zitakuwa zimeshawabana."

"Zimewabana, mama. Dalal kaziweka."

"Mwambie asizigawe."

"Nitamwambia."

Bi Hamda akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akaitoa juzuu ya ishirini, akampa Kawthar ya ishirini na moja, akaanza kusoma. Alisoma polepole, kwa sauti ya chini, akikosea na kurudia, na baada ya muda Kawthar naye akafungua yake.